Daftari la Mvua: Upimaji wa Maji na Hali ya Hewa katika Msitu wa Mau

Utangulizi

Katika mijadala kuhusu mazingira nchini Kenya, kauli moja imezoeleka mno hata haihojiwi tena: kwamba msitu huleta maji, na kwamba ukikatwa, mito hukauka. Kauli hiyo ilivuma zaidi mwaka 2009, jopokazi lililoundwa na serikali lilipotoa ripoti yake kuhusu Msitu wa Mau na maelfu ya watu wakatakiwa kuhama. Upande mmoja ulitaja mito, upande wa pili ukataja haki za waliolima humo. Hata hivyo, ni wachache waliouliza swali la msingi: hujulikanaje kuwa maji ya mto yamepungua? Yamelinganishwa na maji ya mwaka gani, na ni nani aliyeyapima?

Makala haya yanafafanua jinsi maji na hali ya hewa hupimwa kwa muda mrefu katika milima yenye misitu, na yanaeleza kile ambacho vipimo hivyo vimefichua Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kuwa uhusiano wa msitu na mto haujulikani kwa kutazama msimu mmoja au miwili. Hujulikana kwa daftari lililojazwa kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Dakio na hesabu yake

Mtaalamu wa haidrolojia huanza kwa kuteua dakio, yaani eneo lote la ardhi ambalo mvua yake huteremkia kijito kimoja. Neno hili linatokana na kitenzi kudaka, nalo linaafiki maana yake, kwa kuwa ardhi hiyo huidaka mvua na kuielekeza mahali pamoja. Mpaka wa dakio ni vilele vya miinuko inayolizunguka: tone likianguka upande huu litakwenda mto huu, likianguka upande wa pili litakwenda mto mwingine.

Dakio likishajulikana, hesabu yake hufanana na ile ya mwenye duka. Kinachoingia ni mvua. Kinachotoka ni maji ya kijito pamoja na mvuke unaorudi hewani kutoka kwenye udongo, kwenye majani yaliyolowa na kwenye miti inayofyonza maji kwa mizizi. Kinachobaki ni akiba iliyomo ardhini. Mvua na kijito vinaweza kupimwa moja kwa moja. Mvuke hauonekani wala haukingiki kwa ndoo, na kwa hiyo hupatikana kwa kutoa. Hapo ndipo haja ya muda mrefu inapojitokeza. Akiba ya ardhini hupanda na kushuka kutoka msimu hadi msimu, na mwaka wa mvua nyingi unaweza kuufadhili mwaka wa ukame unaoufuata. Anayepima mwaka mmoja tu huenda akadhani kuwa miti imeyanywa maji ambayo kwa kweli yamejificha udongoni.

Ukubwa wa hesabu hii si wa kupuuzwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Dakio la hekta 700 likipata milimita 2,000 kwa mwaka, hupokea mita za ujazo milioni 14. Kipimo cha mvua kikikosea kwa asilimia tano tu, mita za ujazo 700,000 huwa zimeongezwa au zimepotezwa katika karatasi. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa nayo hujaza vivyo hivyo.

Vyombo na wanaovisoma

Chombo cha kwanza ni kipimamvua, ambacho kwa desturi husomwa saa tatu asubuhi kila siku. Katika mlima kimoja hakitoshi, kwa sababu mvua ya kileleni si sawa na ya bondeni. Hivyo vipimamvua husambazwa kote katika dakio, vingine vikiwekwa kwenye uwazi uliofyekwa katikati ya msitu ili matawi yasivikinge.

Kwenye kijito hujengwa ukuta mfupi wenye pengo la umbo maalumu. Kwa kuwa umbo la pengo linajulikana, kina cha maji yanayopitia hapo hutosha kukokotoa wingi wake kwa sekunde. Zamani kina hicho kilifuatiliwa na kielea kilichounganishwa na kalamu, nayo kalamu ikachora mstari juu ya karatasi iliyozungushwa na mitambo ya saa. Siku hizi vihisi vya kielektroniki hufanya kazi hiyo kila baada ya dakika chache. Aidha, kituo cha hali ya hewa hupima joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo na mwanga wa jua, kwani hivyo ndivyo vinavyoamua ni maji kiasi gani yanayoweza kugeuka mvuke.

Vyombo hivi vyote humtegemea msomaji wake. Msomaji wa kipimamvua ndiye anayepanda mlima siku ya mvua na siku ya jua, na uaminifu wake ndio msingi wa majedwali yote yatakayochapishwa baadaye.

Majaribio ya Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1950, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, lilianzisha majaribio ya madakio chini ya uongozi wa mwanasayansi Mwingereza, Charles Pereira. Wakati huo misitu ya milimani ilikuwa ikifyekwa ili kupanda chai na misonobari, na serikali za kikoloni zilihitaji kujua mito ingeathirikaje.

Huko Kericho, ukingoni mwa Mau, yaliteuliwa madakio mawili jirani: Sambret, lenye takribani hekta 700, na Lagan, lenye takribani hekta 540. Yote mawili yalipimwa kwanza yakiwa msitu. Kisha sehemu kubwa ya Sambret ikafyekwa na kupandwa chai, ilhali Lagan likaachwa jinsi lilivyokuwa ili liwe kigezo cha ulinganishi. Kigezo hicho ni muhimu, kwa maana bila dakio lisiloguswa, mtafiti hawezi kutofautisha athari ya shoka na athari ya mwaka wa ukame.

Huko Kimakia, katika milima ya Aberdare, msitu wa mianzi uliondolewa na misonobari ikapandwa, mboga zikikuzwa katikati ya miche katika miaka ya mwanzo. Mbeya, kusini mwa Tanganyika, dakio lenye msitu lililinganishwa na jingine lililolimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Atumatak, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, palichunguzwa ardhi iliyochakazwa na malisho.

Yaliyofichuliwa

Matokeo hayakuthibitisha kauli iliyozoeleka, wala hayakuibatilisha kabisa. Kericho, kijito cha Sambret hakikupungua baada ya kufyekwa kwa msitu. Kinyume chake, kiliongezeka, kwa sababu miche michanga ya chai ilitumia maji machache kuliko miti mikubwa. Lau upimaji ungalikoma hapo, ingalisemekana kuwa kukata msitu ni faida kwa mto. Lakini chai ilipokomaa na kufunika ardhi, matumizi yake ya maji yalikaribia yale ya msitu, na tofauti ikafifia. Kimakia nako misonobari iliposhikana matawi ilitumia maji takribani sawa na mianzi.

Mbeya palizua mshangao mkubwa zaidi. Kijito cha dakio lililolimwa kilitiririsha maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Sababu ilikuwa udongo: ni wa majivu ya volkano, unaopenyeza maji kwa urahisi, na haukupoteza sifa hiyo upesi ulipolimwa. Atumatak, ambako mifugo ilikuwa imemaliza nyasi na kuuacha udongo mtupu, mvua haikupenya. Iliporomoka kama mafuriko na kuuchukua udongo pamoja nayo.

Kwa hiyo, msitu hutumia maji mengi. Kericho, zaidi ya nusu ya mvua ilirudi hewani. Manufaa ya msitu kwa mto hayamo katika kuyazidisha maji, bali katika kuulinda udongo unaoyapokea, unaoyahifadhi na kuyaachilia polepole yakiwa safi. Anayetetea Mau kwa hoja kwamba miti huongeza maji anasimama mahali pabovu. Anayeitetea kwa hoja ya udongo anasimama juu ya ushahidi.

Pengo na juhudi mpya

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la Muguga likavunjika pamoja nayo. Katika miongo iliyofuata, vituo vingi vya kupima mito barani Afrika vilififia kwa uhaba wa fedha. Hasara ya namna hii haina tiba: chombo kilichoharibika hununuliwa kingine, lakini mvua ya mwaka ambao haukupimwa haipimiki tena.

Hata hivyo, daftari limefunguliwa upya. Tangu miaka ya 2010, watafiti wamefunga vihisi katika madakio ya Mau Kusini Magharibi, moja likiwa la msitu, la pili la chai na la tatu la mashamba ya wakulima wadogo. Vipimo vyao vimeonyesha kuwa kijito cha mashamba madogo hubeba matope mengi zaidi kuliko kile cha msitu, jambo linaloafiki fundisho la zamani kuhusu udongo.

Aidha, katika bonde la mto Sondu-Miriu, vibao vyenye alama za kina viliwekwa kandokando ya mito, na wenyeji wakaalikwa kusoma kina cha maji na kukituma kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika mwaka wa kwanza, zaidi ya watu 100 walituma vipimo zaidi ya 1,000. Wengi walituma mara moja tu, na sehemu kubwa ya vipimo ikatoka kwa wachache wenye bidii. Ni dhahiri kuwa hata katika enzi ya simu, daftari bado linamhitaji mtu anayerudi mtoni kesho na keshokutwa.

Hitimisho

Mzozo wa Mau haujaisha, na kila awamu yake huja na madai kuhusu mito. Majaribio ya Kericho na Mbeya yanafundisha kuwa madai hayo hayaamuliwi kwa sauti kubwa. Jibu la miaka mitatu linaweza kupinduliwa na jibu la miaka kumi, na jibu la mlima mmoja linaweza kukataliwa na udongo wa mlima mwingine. Taifa linalotaka kuamua kwa haki ni nani ahame na ni mti upi ubaki halina budi kumlipa na kumheshimu yule anayepanda mlima saa tatu asubuhi kusoma kipimamvua.