Lita Moja ya Nyuma

Uliza msee yeyote wa Subaru Nairobi kuhusu ekzosi, atakupigia story mpaka jua izame. Tabo, rimu, spoila, zote anazijua. Sasa muulize oili ya difu ya nyuma ilibadilishwa lini. Kimya. Na ni lita moja tu, manze! Pesa yenye tunachoma Naivasha kwa wikendi moja ya Safari Rally inanunua hiyo oili na chenji inabaki.

Mimi nilichanuka kwa njia ngumu. Nilikuwa nimejinyima miaka tatu ndio nipate STI yangu, GDB ya 2001, ndugu mdogo wa ile Impreza Colin McRae alishinda nayo Safari ya 1997. Wiki ya kwanza, nikikata stiaringi yote nikitoka parking, nyuma inagonga: tkk, tkk, tkk. Fundi mmoja akaingia chini, akatoka akipangusa mikono, akasema difu imekufa, niandae thao themanini. Sikulala hiyo usiku.

Kesho yake nikashuka Grogan. Kuna buda mmoja huko wa spea, mkimya sana. Akainua nyuma ya ndai, gia ikiwa ndani, akajaribu kuzungusha tairi moja na mkono. Ikakataa kabisa. "Kijana wangu, hii ni LSD ya pleti. Uliiwekea oili gani?"

"Sijui mzee, niliinunua hivyo."

Hapo ndio siri iko. Ukikata kona, tairi ya nje inatembea mbali kuliko ya ndani, so lazima difu iziachilie zizunguke tofauti. Lakini difu ya kawaida ikipata tairi moja kwa matope, nguvu yote inapotelea hapo, ndai inabaki ikichimba shimo. LSD, yaani limited-slip difu, inakatalia hiyo ujinga. Ile ya pleti inafanya kazi kama klachi: pleti zinasuguana ndani ya oili. Ukiwekea oili ya kawaida bila dawa ya kulainisha, zinashikana na kuachana kwa kishindo. Ndiyo hiyo tkk, tkk. Difu yangu ilikuwa hai kabisa.

Tukamwaga, tukaweka 75W-90 GL-5 yenye imeandikwa LSD kwa chupa, maana dawa tayari iko ndani. Nikaenda uwanja tupu nikachora nane pole pole, kama kumi hivi, oili iingie katikati ya pleti. Kelele ikaisha.

Lakini usikimbilie dawa juu umesoma hii. Ukizidisha, pleti zinateleza, na LSD yako inageuka difu ya kawaida. WRX nyingi ziko na ile ya viskasi: imefungwa na silikoni yake ndani, dawa haifiki huko. STI za 2008 kuja mbele ziko na Torsen nyuma, gia tupu, hazina pleti za kulainishwa. Hizo zote mbili ni GL-5 safi, basi.

Hiyo GL-5 nayo usicheze nayo. Meno ya difu yanasukumana yakiteleza, na kinachoyaokoa ni salfa na fosforasi kwa oili, ile harufu mbaya unaskianga ukifungua chupa. Na msee akikuambia uweke 140 juu difu inalia, kataa. Oili nzito inaficha kelele tu, beringi inaendelea kuisha. Mimi namwaga kila kilomita 20,000, juu ndai yangu naiendesha ile mbaya.

So kabla uitishe kachupa ka dawa dukani, inua ndai kwanza ujue umebeba difu gani. Na ukifika hapo chini, anza na nati ya kujazia, ile ya juu. Ukimwaga alafu hiyo ikatae kufunguka, ndai hailali keja leo.