Raketi Ipi kwa Aliyekwisha Kuvuka Hatua ya Kwanza?



Ijumaa moja baada ya sala katika msikiti wa Xianxian, ule unaohusishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, baba mmoja wa jumuiya yetu alitungojea langoni akiwa na uso wa mtu mwenye jambo zito. Tulidhani ni habari ya viza, au ya kontena lililokwama bandarini. Haikuwa hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu," alianza. "Nimemuumiza mwanangu kwa mapenzi."

Binti yake ana miaka 14. Katika darasa lake hakuna mwingine atokaye pwani yetu. Mpira wa vinyoya alijifunza hapo chini ya ghorofa lao, kwenye uwanja wa saruji usio na wavu, kwa raketi za chuma zile ziuzwazo mbili mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Baada ya mwaka mmoja akawa hodari kiasi cha wenzake wa shule kumwita ukumbini kila Jumamosi. Baba akafurahi mno. Akaenda dukani, akanunua raketi kama ya bingwa aliyemwona katika televisheni, kwa zaidi ya Yuan 1,000, na muuzaji akamkazia nyuzi kwa ratili 29. Wiki ya tatu binti hakuweza kuinua mkono kujisuka nywele. Wiki ya nne akasema hataki tena kwenda.

"Bega litapona inshallah," alisema baba yule. "Lakini Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa akicheka na watoto wa huku."

Tumeona tuliandike jambo hili kwa kuwa si mzazi huyo peke yake aliyepotea njia. Mji tunaoishi unampoteza mtu kwa urahisi. Hapa Guangzhou, katika viwanja vya Tianhe, ulichezwa mwaka 2002 mashindano ya Kombe la Thomas na Kombe la Uber. Michezo ya Asia ya mwaka 2010 ilifika. Na mwaka 2013 Lin Dan alimshinda Lee Chong Wei katika fainali ya ubingwa wa dunia. Watoto wetu wanakua wakisikia majina hayo kama sisi tulivyokua tukisikia ya wachezaji wa kandanda. Nasi Waafrika ya Mashariki hatukuwa watazamaji tu, kwani Edwin Ekiring wa Uganda alicheza vinyoya katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Basi mzazi akiingia dukani na kuona picha ya bingwa ukutani, mkono wenyewe huelekea kwenye raketi iliyo chini ya picha ile.

Raketi ya bingwa imeundwa kwa mkono wa bingwa, na siri yake kubwa imo katika ufito, yaani ile sehemu nyembamba iunganishayo mpini na kichwa. Mchezaji anapoupeleka mkono mbele kwa kasi, ufito hupinda nyuma kidogo, kisha hunyooka pale kinyoya kinapoguswa, nao huongeza mwendo wa kichwa. Mkono wenye kasi kubwa huweza kuupinda ufito mgumu na kuufaidi. Mkono ambao bado una kasi ndogo hauupindi hata kidogo, kwa hiyo mchezaji hubaki akisukuma kinyoya kwa nguvu za bega lake mwenyewe. Ndivyo alivyoumia binti yule. Anayeendelea kujifunza yampasa ufito laini au wa wastani. Ushike mpini kwa mkono mmoja na ncha ya kichwa kwa mwingine, uukunje taratibu, kisha ujaribu na raketi nyingine tatu au nne. Tofauti utaihisi hata kama hujapata kucheza maishani mwako.

Uzito huandikwa karibu na mpini kwa tarakimu na herufi U, na hesabu yake ni ya kinyume: tarakimu ikizidi, raketi huwa nyepesi. 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84, na 5U ni gramu 75 hadi 79, kabla ya nyuzi. Kampuni nyingine zina alama zao, kwa hiyo ni salama zaidi kuuliza gramu zenyewe, ambazo Wachina huziita "ke". Kwa kijana au mama aliyekwisha kujua kurudisha kinyoya, 4U au 5U inatosha kabisa. Kinyoya chenyewe kina uzito wa gramu 5 hivi, hakihitaji rungu.

Kisha utazame mizani. Iweke raketi juu ya kidole kimoja hata itulie bila kuangukia upande wowote, ndipo upime kutoka kitako cha mpini hadi kidole kilipo. Ikiwa ni milimita 285 hadi 295, uzito umegawanyika sawasawa. Ikizidi hapo, kichwa ni kizito: pigo la juu huwa na kishindo, lakini raketi huchelewa kurudi mbele ya wavu na bega hulipa gharama. Tunapendelea ile ya katikati kwa anayeendelea kujifunza, maana bado hajajua kama atakuwa mpigaji wa nguvu au mchezaji wa ujanja karibu na wavu.

Sasa tufike kwenye nyuzi, ambazo wengi huziona jambo dogo. Hukazwa kwa mashine na kupimwa kwa ratili, ambazo fundi wa hapa huziita "bang". Kazi yenyewe huitwa "laxian". Watu hudhani nyuzi zilizokazwa sana hutoa nguvu zaidi. Kwa mkono wa mwanafunzi hali ni kinyume. Nyuzi zilizolegea kiasi hukirusha kinyoya zenyewe, na eneo la katikati lirushalo vizuri huwa pana. Zikikazwa sana eneo hilo husinyaa, na kila pigo lililokosea kidogo hutetemesha kiwiko. Mwambie fundi ratili 22, au 23. Asipungue 20 wala asizidi 24, hata akikucheka. Na uchague uzi wa milimita 0.70, unaodumu kuliko ule mwembamba wa 0.63, ambao hukatika upesi kwa mtu asiyepiga katikati kila mara. Raketi nyingi za bei ya juu huuzwa bila nyuzi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Mpini wa G5 ni mwembamba kuliko wa G4. Ununue mwembamba, kwani waweza kuunenepesha kwa kuuzungushia utepe, lakini mnene haupunguziki. Utepe wenyewe ubadilishwe mara kwa mara. Joto la Guangzhou mnalijua, na ile miezi ya Machi na Aprili kuta zinapotoa jasho huota ukungu kama mkate uliosahaulika.

Kuhusu bei: ziacheni zile za chuma zenye kiungo baina ya ufito na kichwa, mkaulize ya kaboni tupu, "quantan". Kwa Yuan 250 hadi 400 hupatikana raketi njema ya kampuni yenye jina, iwe ya Kijapani, ya Taiwan au ya hapa hapa. Raketi iliyopaswa kuuzwa Yuan 1,500 ikitolewa kwa 150 katika simu, hiyo ni ya bandia. Msidanganyike na rangi zake. Fedha zitakazobaki zilipie ukumbi na vinyoya, kwa kuwa mkono hukua kwa saa za kucheza. Nasi tumeona jamaa zetu wakipanga zamu ya saa mbili usiku, maana machweo ya hapa hata kiangazi hayafiki saa moja na nusu, na hivyo Magharibi huwa imekwisha kusaliwa kwa utulivu. Akina mama kadhaa hukodi viwanja viwili vya pembeni, vilivyopakana, wakacheza wao kwa wao na mabinti zao.

Tulimshauri baba yule ampumzishe binti, ampeleke kwa daktari, na asimtajie raketi kwanza. Daktari alimkataza kucheza kwa wiki 6. Wiki ya saba tulifuatana nao dukani, tukiwa watatu, na binti mwenyewe ndiye aliyekunja fito na kupima mizani kwenye kidole, huku baba yake akiwa amefunga mikono nyuma kama tulivyoagana. Alichagua ya 5U, ufito laini, rangi ya kijani, Yuan 280. Fundi aliposikia ratili 21 alitaka kubisha. Binti akamjibu kwa Kichina cha haraka ambacho sisi hatukukielewa, fundi akacheka, akaanza kazi.

Raketi ya bingwa imo kabatini mwao. Baba amekataa kuiuza. Asema huenda siku moja mkono wa binti utaifikia. Jumamosi iliyopita binti alicheza michezo mitatu, akafungwa yote mitatu, akarudi nyumbani amechelewa kwa sababu wenzake walimzuia wale tikiti maji pamoja.