Banda la kuku la bondeni: hewa, nafasi na usalama wakati wa kiangazi



Mwezi wa tisa ndio mwezi ambao kuku wengi huuzwa kwetu. Masomo yanafunguliwa, madaftari na sare vinangoja, na mama wa nyumbani anahesabu majogoo yake kabla ya kuhesabu feza. Lakini mwezi huohuo, katika bonde la Ruzizi na kando ya ziwa Tanganyika, kuanzia Luvungi na Sange hadi Uvira, Baraka na Kalemie, joto linakuwa kali kabla mvua hazijarudi. Kuku watatu wakifa mchana mmoja, kuna mtoto ambaye hataingia darasani wiki ile. Kwa hiyo tuongee juu ya banda.

Kwanza tumwelewe kuku mwenyewe. Mwili wake una joto la digrii 41 hivi, zaidi ya mwili wa mwanadamu, na hana jasho. Manyoya yake ni kama koti ambalo hawezi kulivua. Ana njia chache tu za kujipoza: hutanua mabawa ili hewa ipite ubavuni, hupitisha damu nyingi katika kilemba na ndevu zake, hunywa maji, na mwisho huhema akiwa amefungua mdomo. Hewa inapozidi digrii 30 anaanza kutaabika. Ikifika 35 na kupita, kuku mnene au mwenye mayai anaweza kufa. Kuhema humpoza kwa sababu maji yanatoka mwilini kama mvuke. Hapo tunaelewa mambo mawili. Kuku anayehema bila maji ya kunywa anajikausha. Na kuku anayehema ndani ya kibanda kilichofungwa, kilichojaa mvuke wa wenzake, anahema bure, maana hewa yenye unyevu haipokei tena mvuke mwingine. Ndiyo maana asubuhi unafungua mlango unakuta wawili wamelala chini, na jirani anasema wamerogwa.

Kuna jambo ambalo huwa naliona ninapotembelea familia za bondeni. Wengi wetu tulitoka milimani, wengine kwa kutafuta kazi, wengine kwa kukimbia vita, na tulikuja na ujuzi wa kujenga wa kule. Upande wa Bukavu na Walungu, na zaidi sana kule Minembwe, usiku wa kiangazi ni baridi, na kibanda kizuri ni kile chenye ukuta wa udongo pande zote, mlango mdogo na dirisha dogo kama tundu. Kule kinafaa. Bukavu iko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari, Uvira iko chini ya mita 800. Kibanda kilekile kikijengwa Sange au Kiliba kinakuwa tanuru. Tusiwacheke wazee waliotufundisha; walijenga kwa ajili ya hali ya hewa yao.

Bondeni, fikiri hivi: kichwa kipate kivuli, ubavu upate upepo. Upande mrefu wa kibanda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta fupi peke yake ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Ukuta wa magharibi uzibe vizuri, kwa sababu jua la saa tisa na saa kumi ndilo baya kuliko yote. Kuta ndefu zizibwe chini tu, urefu wa nusu mita hivi, kwa udongo, tofali au mbao. Kutoka hapo kwenda juu acha wazi, uweke wavu wa chuma au matete yaliyopangwa kwa nafasi. Wakati wa kiangazi upepo wa ziwani huvuma sana kutoka kusini. Usiuzibie njia kwa choo au ukuta wa jikoni.

Paa ndilo linaloua. Mabati, au manjanja kama tunavyosema, yanashika joto na kulimwaga juu ya migongo ya kuku kama makala ya moto. Kama una nyasi au majani ya mawese, ezeka kwa hayo, utapata ubaridi kuliko mwenye mabati, ingawa utaezeka tena baada ya miaka michache na utapambana na panya. Kama umekwisha kununua mabati, usiyaondoe. Tandaza majani juu yake na uyafunge kwa fito yasiruke, au funga mkeka ndani, kiganja kimoja au viwili chini ya bati, hewa ipite katikati. Kupaka chokaa nyeupe juu kunasaidia pia. Upande wa chini wa paa usipungue mita moja na nusu kutoka sakafuni, na upande wa juu ufike mita mbili au zaidi. Acha nafasi wazi pale ukuta unapokutana na paa: hewa ya moto hupanda, nayo ikikosa mlango wa kutokea hukaa juu ya fito za kulalia. Paa litokeze nje ya ukuta nusu mita au zaidi, likinge jua sasa na mvua baadaye. Na panda mpapai au mti mwingine wa kivuli upande wa magharibi. Hautasaidia mwaka huu, lakini kiangazi kingine kitakuja.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa sababu mmekwisha kunijibu mara nyingi: «Mchungaji, nikiacha ukuta wazi, wezi watafurahi.» Ni kweli. Kwetu kuku analala na wenyewe, jikoni au hata chumbani, si kwa sababu watu hawajui usafi bali kwa sababu ya woga. Sitamwambia mjane atoe kuku wake nje halafu nirudi kwangu kulala. Lakini jikoni pana makala ambayo hayajazimika, pana moshi, na kuku ishirini waliofunikwa katika vitunga viwili mpaka asubuhi. Nyumba ya watu nayo inapata uchafu, na watoto wadogo wanaokota kila kitu.

Njia ya katikati ipo. Kibanda kigusane na ukuta wa chumba unamolala, ili usikie kuku wakipiga kelele. Mlango wake uelekee uani. Nje ya wavu gongomea miti migumu au vyuma vilivyosimama, kila kimoja kiganja kimoja kutoka kwa kingine: upepo unapita, mwili wa mtu haupiti. Misumari ipigwe kutoka ndani, na bawaba za mlango zisiwe upande ambao mtu anaweza kuzing'oa. Kufuli ni kitu cha bei ndogo kuliko jogoo. Na kama hali ya mtaa wenu hairuhusu hata hayo, basi kuku walale ndani, lakini moto uzimwe kabisa mapema, dirisha la juu liwe na vyuma lakini wazi, wawekwe juu ya fito na si ndani ya kitunga, na alfajiri watolewe wote, sakafu ifagiliwe.

Adui wengine hawahitaji nafasi kubwa. Nyoka, panya na nguchiro hupita penye tundu ambalo mtu hudhani ni dogo. Wavu wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, haumzuii adui kuingia. Matundu ya sentimita moja na kidogo ndiyo yanayofaa, angalau sehemu ya chini. Siafu ni wabaya zaidi, kwa kuwa kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na kwa usiku mmoja wanaweza kumaliza vifaranga wote. Kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, nusu mita au zaidi, kinapata hewa chini na ni rahisi kukilinda: kila nguzo isimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, na majani yasiguse ukuta, maana siafu watayatumia kama daraja. Majivu kuzunguka yanasaidia, lakini yakilowa hayana nguvu.

Juu ya nafasi, wengi hukosea kwa sababu wanapima kibanda siku ya kwanza, kuku wakiwa sita. Mita moja ya mraba inatosha kuku wanne wakubwa wa kienyeji, watano kama wanashinda nje mchana kutwa. Kibanda cha mita 2 kwa mita 1 na nusu ni mita 3 za mraba: kuku 12, basi. Kila mmoja anataka sentimita 20 za fito ya kulalia, kwa hiyo 12 wanahitaji mita 2 na sentimita 40. Fito mbili za mita 1 na nusu zinatosha. Ziweke kwa urefu mmoja, la sivyo watagombania ile ya juu. Kiota kimoja kwa kuku watano, mahali penye giza kidogo, mbali na bati, kwa sababu yai linalokaa katika joto la kupita digrii 40 halitatoa kifaranga. Sakafuni tandika pumba za mpunga. Katika bonde letu la mpunga hazikosi. Ukichuchumaa ndani na macho yakakuwasha, hewa imeharibika: ondoa zilizolowa, weka nyingine. Kuku wakizidi, uza wawili. Kuwabananisha ni kuwaita viroboto na magonjwa.

Maji ni mzigo, ninajua, hasa kwa anayebeba bidoni kichwani. Tuhesabu. Siku ya joto kuku mkubwa anaweza kunywa nusu lita. Kumi watakunywa lita 5, yaani robo ya bidoni ya lita 20. Tumieni chungu cha udongo, kinapoza maji chenyewe, kiwekwe kivulini, kioshwe kila asubuhi na kujazwa tena saa sita. Chakula wapewe alfajiri na jioni. Tumbo linalosaga chakula huongeza joto mwilini, kwa hiyo adhuhuri waache wapumzike.

Ukimkuta kuku amelegea, mdomo wazi, mabawa yameanguka, usimtumbukize katika maji baridi sana. Mpeleke kivulini penye upepo, lowesha miguu, kilemba na ndevu, kisha mwache anywe mwenyewe kidogo kidogo. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia penye pumzi. Lakini kama wanalegea hata asubuhi ya baridi, wanaharisha kijani, wanapindisha shingo na kufa mmoja baada ya mwingine, hilo si joto. Huenda ni mdondo, na mdondo hauna dawa ila chanjo iliyotolewa mapema. Vikundi vya wamama vinaweza kuungana na kumwita daktari wa mifugo siku moja, kwa sababu chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi na mtu mmoja kuinunua peke yake ni hasara. Chanjeni asubuhi, wakiwa wazima.

Na siku ya soko, msiwafunge miguu na kuwaning'iniza nyuma ya pikipiki saa saba mchana. Tumieni kitunga chenye matundu, ondokeni alfajiri, wapeni maji kabla ya safari. Mnunuzi wa Uvira anatazama kilemba na macho, na kuku aliyefika akihema atapunguziwa bei mbele yenu.