Kufundisha Kikorea kwa wanaoanza: tuanze na herufi

Hapa Kayna kijana anayetaka kujifunza Kikorea tayari ana Kinande, Kiswahili na Kifaransa. Tujenge juu ya hizo.

Herufi kwanza. Mfalme Sejong alitangaza herufi za Kikorea, Hangul, mwaka 1446, ili watu wa kawaida walioshindwa na maandishi ya Kichina wapate kusoma. Leo herufi za msingi ni 24, na umbo linasaidia: ㄴ ni ulimi unaogusa nyuma ya meno, ㅁ ni kinywa. Tukiandika Kikorea kwa herufi za Kifaransa tu, tunamnyima mwanafunzi msaada huo.

Kisha mwisho wa maneno. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo mul (maji) litakuwa "mulu", na bap (mchele uliopikwa) "bapu". Tusimcheke mtu. Tutamke naye polepole, tukifunga midomo pamoja kwenye bap.

Katika sentensi, kitenzi hukaa mwisho: "mimi maji nakunywa". Tena hubadilika kwa kumheshimu mkubwa, jambo ambalo watoto wetu wanalijua kutoka nyumbani.

Wasomi wengi waliidharau Hangul. Lakini mwaka 1887 Agano Jipya la Kikorea, kazi ya mmisionari John Ross pamoja na Wakorea, lilichapwa kwa herufi hizo hizo. Basi hata mama wa sokoni ambaye hakumaliza shule asiachwe nje ya darasa. Paulo aliwaonya Wakorintho: anayesema bila kueleweka anasema na hewa.