Malipo ya Haki kwa Maafisa Ustawi wa Jamii

Ukiulizwa maana ya malipo ya haki, usikimbilie kuandika "mshahara mkubwa". Hapo watahiniwa wengi hupoteza alama. Malipo ya haki ni ujira unaolingana na kazi, unaotolewa bila ubaguzi. Ndivyo inavyoelekeza Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. (Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 nalo linazungumzia ujira katika ibara ya 23, kwa hiyo namba hiyo ni rahisi kuikumbuka.)

Chukua mfano wa afisa ustawi wa jamii aliyepangiwa Ukerewe, mkoani Mwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwisha kazi nzito: kupokea taarifa za mtoto anayenyanyaswa, kuichunguza familia, na kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii mtoto anaposhtakiwa mahakamani. Ikiwa mtoto yuko kisiwani Ukara, afisa lazima avuke maji. Nauli ya kivuko, chakula na malazi si ujira. Ni gharama za kazi, na mwajiri ndiye anayepaswa kuzibeba. Afisa akizitoa mfukoni mwake, mshahara uliomo kwenye hati ya malipo si ule anaofika nao nyumbani. Na asipokuwa na nauli? Anabaki Nansio, na mtoto anabaki na anayempiga.

Wapo wanaosema kazi hii ni wito, hivyo malipo si hoja. Hoja hiyo ni dhaifu: daktari naye ana wito, na hulipwa.

Tofautisha pia mshahara na posho. Mtumishi wa umma mwenye mshahara huchangiwa pensheni: mwajiri 15%, yeye mwenyewe 5%. Anayejitolea mwaloni kwa posho hana akiba hiyo, hata akifanya kazi ileile kwa miaka kumi.

Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, yaani ongezeko la 35.1%. Tumia takwimu hii kwa uangalifu. Kima cha chini ni sakafu tu. Hakionyeshi kama afisa mwenye stashahada au shahada analipwa kulingana na sifa zake. Mtahini akikuuliza kuhusu haki, jibu kwa kulinganisha ujira na kazi.