Uliza Siku Kwanza, Kisha Uulize Bei

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba mikono kisha akaifundisha kazi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio mnaolifungua jarida hili kabla ya waume zenu, leo sikukuleteeni darsa ya msikitini. Nitakusimulieni safari ya siku moja, na kosa moja nililolifanya katika safari hiyo.

Jumamosi moja tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, katika basi dogo la kukodi. Aliyeipanga safari ni mke wangu. Yeye na mashoga zake watano ni wasusi wa ukili, na walikuwa wamepata habari kwamba akina mama wa vikundi vya kusuka wa upande wa Kibwezi na Mtito Andei wangekusanyika siku hiyo kuuza viondo, katani na nyuzi walizozisokota wenyewe. Sisi wanaume watatu, mimi na rafiki zangu wawili, tulikwenda kama wasindikizaji na wachukuzi wa mizigo. Chakula cha njiani kilikuwa mahamri, viazi vya karai na chupa mbili za chai ya tangawizi, navyo vilikwisha kabla hatujafika Voi.

Mtito Andei uko yapata kilomita 240 kutoka Mombasa, karibu nusu ya njia ya kwendea Nairobi, katika kaunti ya Makueni. Wengi wetu watu wa pwani tunaujua mji huu kwa mlango wa basi tu: tunashuka, tunanunua chai, tunakwenda msalani, tunapanda tena. Jina lake ni la Kikamba, na wenyeji hulifasiri kuwa ni msitu wa tumbusi. Nimepita hapo mara zisizohesabika tangu ujana wangu, wala sikuwahi hata siku moja kuvuka barabara nikatazama watu wake wanafanya nini.

Kazi ya katani

Tuliwakuta akina mama hao chini ya miti, nyuma kidogo ya maduka. Walikuwa wametandika turubai na magunia, na juu yake viondo vimepangwa vikubwa kwa vidogo: vya rangi ya katani yenyewe, vya mistari ya kahawia na nyeusi, na vingine vya nyuzi za sweta zenye rangi kali. Pembeni palikuwa na mafungu ya katani nyeupe, mabonge ya uzi, na mikanda ya ngozi iliyotobolewa tayari kushonewa.

Katani, kama mjuavyo, hutoka katika jani la mkonge. Wasomaji wetu wa Kilifi wameyaona mashamba ya Vipingo, na wasafiri wa Nairobi wameyaona ya Dwa, pale Kibwezi. Lakini mkonge si mmea wa kwetu kwa asili. Asili yake ni Meksiko, na uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye katika miche elfu moja aliyoiagizia ilisalimika 62 tu. Kutokana na michache hiyo Tanganyika ikaja kuwa nchi ya mkonge. Ama akina mama wa Kikamba walikuwa wakisuka kabla ya hapo, kwa nyuzi za magome ya mbuyu na ya miti mingine ya porini. Mkonge ulipofika karibu na nyumba zao, waliupokea kwa mikono iliyokwisha kuijua kazi.

Jani hukatwa, likaparurwa mpaka unyama wake wote wa kijani utoke na zibaki nyuzi tupu. Nyuzi huoshwa, zikaanikwa juani zikawa nyeupe, zikachanwa moja moja, kisha zikasokotwa. Hapo kwenye kusokota, ndugu msomaji, nasimulia kwa niaba. Uzi wa kiondo husokotwa juu ya paja, na wenyeji wetu, kwa adabu yao, walikuwa wamefunga leso baina ya miti miwili wakafanya stara, wasokotaji wakakaa nyuma yake. Wake zetu waliingia, sisi tukabaki nje. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba bibi mmoja wa makamo alikuwa akisokota huku akizungumza, bila ya kuutazama uzi, na kwamba yeye mwenyewe alipojaribu paja lilimuwaka moto kabla hajamaliza urefu wa dhiraa moja.

Baada ya uzi kusokotwa, unaotakiwa rangi huchemshwa na rangi. Kisha kiondo huanzwa kitakoni, katikati, kwa nyuzi chache zilizopishana msalaba, na kutoka hapo msusi huzunguka na kuzunguka akipitisha nyuzi mbili kwa pamoja, moja mbele na moja nyuma, mpaka chombo kisimame. Mashoga wa mke wangu walikaa nao kama waliozaliwa nyumba moja. Wao walieleza jinsi ukindu unavyochanwa chane, ukatiwa rangi, ukasukwa ukili, na ukili ukashonwa ukawa mkeka au mswala. Mmoja aliyezaliwa Unguja alieleza makumbi ya nazi yanavyofukiwa katika matope ya pwani kwa miezi mingi, kisha yakapigwa magongo mpaka yatoe usumba wa kamba. Wenyeji walicheka kusikia kwamba kuna watu wanaozika maganda baharini ili wavae jasho baadaye. Adhuhuri ilipoingia tulikwenda msikitini tukasali kwa kukusanya na kupunguza, na tuliporudi tukakuta tumewekewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, katika sufuria kubwa.

Mzee wa kamba

Upande wetu wanaume alikuwako mzee mmoja anayesokota kamba za kufungia mbuzi. Nilimwomba anifundishe. Alinipa fungu la katani, nikalisokota baina ya viganja nikaona nimefaulu. Nilipoliachia, likafumuka lote mbele ya macho yangu. Mzee akacheka, akasema, "Shekhe, uzi mmoja hauna nguvu ya kujishika."

Akanionyesha. Unachukua nyuzi mbili. Kila mmoja unausokota upande mmoja kwa nguvu, kisha hizo mbili unazizungusha pamoja kwa upande wa kinyume. Kila uzi unataka kufumuka, lakini katika kutaka kwake kufumuka unazidi kumkaza mwenziwe. Hapo kamba inakuwa kamba. Nilishika kipande kile nikavuta kwa mikono miwili, kisikatike.

Nikakumbuka aya ambayo nimeisomesha madrasani kwa miaka mingi. Katika Suratun Nahl, aya ya 92, umepigwa mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaurudia mwenyewe akaufumua. Wafasiri wamesimulia kwamba palikuwa na mwanamke Makka aliyekuwa akifanya hivyo. Mfano huo ni wa watu wanaovunja ahadi zao baada ya kuzitilia nguvu. Nimeieleza aya hiyo kwa wanafunzi, nikawaandikia maana yake ubaoni, na hali ya kuwa sikuwahi kushika uzi unaosokotwa. Siku hiyo nilijua kwa viganja vyangu kinachopotea uzi unapofumuliwa.

Kosa langu

Alasiri ilipokaribia, nilitaka kumnunulia binti yangu kiondo. Nilikichagua kimoja chenye mistari myeusi na mkanda wa ngozi. Mwenye nacho, mama wa umri wa kiasi cha miaka arubaini, alitaja shilingi 1,800. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilianza na 800. Tukaenda tukirudi, nikatoa hadithi zangu za sokoni, nikajifanya naondoka, nikarudi, na mwisho akanipa kwa 1,200. Niliwaonyesha rafiki zangu kiondo kwa furaha ya mtu aliyeshinda mchezo.

Mke wangu alikitazama, akakigeuza kitako juu, akapitisha kidole katika msuko. Akaniuliza, "Kakuambia amekisuka siku ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. Yeye alikuwa ameuliza, kwa kuwa mama huyo ndiye aliyekuwa amekaa naye nyuma ya leso. Siku kumi, akaniambia, ukihesabu kusokota na kusuka, baada ya maji, kuni na shamba. Mkanda wa ngozi hununuliwa kwa fundi. Na rangi hununuliwa, na katani pia mwaka ambao mkonge wake mwenyewe hautoshi. Kiasi cha shilingi 400 zilikuwa zimetoka mfukoni mwake kabla kiondo hakijafika sokoni.

Tulipiga hesabu ndani ya basi. Katika 1,200 toa 400, zinabaki 800. Zigawe kwa siku kumi: shilingi 80 kwa siku.  Yule mama alikuwa amefanya kazi kwa siku kumi, nami kwa maneno ya robo saa nikaufumua ujira wake karibu nusu, kwani kwa bei yake ya kwanza angepata 140 kwa siku. Wala 140 nayo si utajiri.

Najua atakayesema kwamba mauziano ni kuridhiana, na kwamba kupatana bei si haramu. Ni kweli, na biashara ile ilikuwa halali. Lakini niliporudi kuzungumza naye, kwa kutarjumiwa na binti yake, nilimuuliza kwa nini aliikubali bei yangu. Akasema jua lilikuwa linashuka, hakuwa ameuza kitu tangu asubuhi, na mchuuzi anayepita vijijini hutoa pungufu ya hiyo. Basi kuridhia kwake kulikuwa kuridhia kwa aliyebanwa, na wanazuoni wetu wametutahadharisha na faida inayopatikana kwa dhiki ya mwenzio. Na ukiendelea na aya ile ile ya Suratun Nahl, utaona kwamba inawakemea wanaofanya hadaa katika ahadi kwa sababu upande mmoja umeushinda mwingine kwa wingi. Mimi nilikuwa na basi, na pesa, na wakati. Yeye alikuwa na jua linalotua.

Nilimpa shilingi 600 zilizobaki. Hakuzipokea mara moja. Alisema, "Mzee, bei tulikwisha patana; mimi siombi." Nikamwambia kwamba hiyo si sadaka bali ni haki ya kiondo chake, na kwamba mwenye makosa katika hesabu ni mimi. Akafikiri, akazichukua, akazihesabu, akazifunga katika pindo la leso. Kisha akasema neno ambalo binti yake alilitarjumu kwa tabasamu: "Ukija tena, uniulize siku kwanza, kisha uniulize bei."

Na sisi je?

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiri juu ya watu wa nyumbani kwetu. Ziko kofia za kazi ya mkono tunazozivaa Idi, ambazo kila kitundu chake kimezungushiwa uzi kwa sindano, na moja huweza kumchukua mshonaji mwezi na zaidi. Ni mara ngapi tumemfuata mshonaji katika kumi la mwisho la Ramadhani, tukijua kwamba naye anataka nguo za wanawe, tukampunguzia bei mpaka anyamaze? Mikeka tunayoswalia na makawa tunayofunikia futari yanatoka mikononi mwa mama zetu na shangazi zetu, na mara nyingi malipo yao ni "ahsante, Mungu akubariki." Dua ni jambo jema, lakini Mtume (s.a.w.) ametuagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kazi ya mkono haikuwa unyonge kwa watu wa mwanzo. Mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa akidabighi ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka, akasifiwa kwa hilo miongoni mwa wake wa Mtume. Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake.

Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kimepata nafasi tena sokoni. Basi akina mama, mnunuapo kikapu, muulizeni msusi siku zake. Nanyi mnaosuka, zihesabuni siku zenu na muzitaje bila ya haya. Na waalimu wenzangu, tuwape watoto uzi waushike kabla hatujawasomesha aya yake. Kipande changu cha kamba ya mzee sasa kiko madrasani. Watoto hukivuta, wakajaribu kukifumua, wakachoka. Kisha ndipo tunafungua msahafu.

Binti yangu anakipenda kiondo chake. Nimemwambia bei yake, 1,800, na nimemwambia siku zake, kumi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atukinge tusile jasho la wenzetu kwa werevu wa ndimi zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.