Chuma Kinapochukua Kazi ya Platinamu

Darasani tunafundishwa kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. Kiwandani mambo ni tofauti: platinamu inayotumika kutengenezea baadhi ya silikoni, metali adimu na ghali, mara nyingi hubaki ndani ya bidhaa, basi, imekwenda hiyo. Ndiyo maana nimevutiwa na kazi ya Profesa Paul Chirik wa Princeton, Marekani. Mwaka 2012 kikundi chake kilionyesha kuwa chuma, ambacho kimejaa ardhini, kinaiweza kazi hiyo. Ujanja uko wapi? Platinamu hubadilishana elektroni mbili kwa mpigo. Chuma huelekea moja moja. Wakakizungushia molekuli inayokisaidia kubeba elektroni. Kasoro ipo: vichocheo hivyo huharibika vikikutana na hewa. Wanakemia wenzangu, hapo bado pana kazi.